Fundi Aliyekataa Kusaini

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: anajulikana kazini kama Mama Daftari
Umri: miaka 57
Kazi: karani wa mapokezi, kliniki ya wajawazito
Makazi: nyuma ya kiwanda cha magodoro, nyumba ya tatu

Mnamo Jumanne tarehe 14 mwezi huu, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa mezani kwangu. Kina mama kumi na mmoja walikuwa kwenye benchi wakisubiri kupimwa. Simu ya mezani ikalia. Mwanamume mwenye sauti ya asali alisema yeye ni fundi wa kampuni iliyotengeneza kompyuta yetu, kwamba ina virusi, na mafaili ya wagonjwa yatafutika ndani ya dakika kumi. Akanipa namba yake, akaniambia nisikate simu wala nisimwambie mtu.

Nasema kweli, niliogopa. Mle ndani mna siri za wanawake mia nane: nani anaumwa nini, nani hajamwambia hata mumewe. Nikafungua ukurasa alionielekeza, zikatokea tarakimu tisa. Alitaka nimsomee ili aingie kwenye kompyuta akiwa huko huko aliko. Nikamsomea nne. Hapo nilikosea, sifichi.

Lakini mkono una mazoea yake. Miaka kumi na tisa sasa, kila simu naiandika kwenye daftari: saa, namba, shida. Wauguzi hunicheka, ndiyo asili ya jina langu. Na fundi wetu wa kompyuta hapa kliniki, hata akija kupangusa vumbi tu, husaini kwanza. Hunung'unika, lakini husaini. Kwa hiyo nikamwambia yule, "Subiri, baba. Njoo usaini kwanza, ndipo nikumalizie."

"Kusaini nini tena, mama? Soma namba!"

"Utaratibu ni utaratibu."

"We bibi, huelewi kitu! Soma!"

Loo! Asali yote ikamwishia. Fundi wetu hunung'unika, lakini hajawahi kunifokea. Nikakata simu, nikachomoa waya wa intaneti, nikampigia fundi wetu kwa namba iliyo kwenye jalada la daftari, si ile aliyonipa yule.

Alifika saa nne na robo. Akasaini, akakagua, akasema, "Hakuna aliyeingia, mama. Kampuni haikupigii simu kukwambia una virusi." Kisha akaligeukia daftari langu: "Shikamoo." Tulicheka mpaka kina mama wa kwenye benchi wakacheka bila kujua kisa. Nilifurahi, na hadi sasa nina furaha.

Niliyoyasikia na kuyatenda ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi mwenyewe kama alivyoyasema. Daftari lenye namba ya mpigaji limepokelewa kama kielelezo. Shahidi alikataa kuliachia mpaka niliposaini ukurasa wa mwisho na kuandika saa, namba ya kazi na shida yangu.