Kyalo amesema "nakuja"

Jumatano, mwezi wa saba. Ukungu umekalia vilima tangu asubuhi na hata saa hii haujaamua kuondoka. Mtoto wangu Mwende nimemfunga shuka mgongoni, amelala, pumzi yake inanipasha moto shingo. Mwenye saiba hii ya intaneti amenipa kompyuta ya kona kwa sababu anajua mimi huandika polepole, kidole kimoja.

Nimekuja kuandika juu ya neno moja tu.

Kwa wale hamnijui, mimi nauza chai na mandazi kule Kyumbi, na muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, saa ya mchana, pale magari yanapokata kona kuingia Machakos. Bwanangu ni Kyalo. Ndiyo, yule Kyalo mrefu wa mpira wa kikapu. Mkataba wake na timu ya Nairobi umeisha, kwa hivyo sasa anaweza kuchagua timu anayotaka. Nairobi wanataka abaki. Kuna timu ya Dar inamwita. Na hii yetu ya Machakos, ambayo ndio imeingia ligi juzi tu, imemwambia arudi nyumbani acheze na afundishe watoto wa shule.

Watu wanasema, "Kyalo sasa yuko huru." Wanasema wakifurahi. Mimi huinamia karai nikigeuza mandazi.

Huru na nani?

Tangu habari hiyo itoke, kibanda kinajaa. Lakini hawaji kwa chai, wanakuja kusoma uso wangu. Nikicheka, ni Dar. Nikinyamaza, ni Nairobi. Jana nilikuwa nakata vitunguu vya muthokoi, machozi yakatoka, na Muli, fundi wa viatu hapo kando yangu, akatangazia stendi nzima kwamba Kyalo ameshachagua mbali.

Wanafikiri ninaficha. Ukweli ni kwamba mimi pia sijui. Tukiongea kwa simu tunaongea Mwende amekula nini, goti la mama mkwe kule Kola linaendeleaje, kama mahindi yameshika. Tukifika kwa mambo ya timu, nasema, "Chagua wewe, huo ni mpira wako." Nasema kwa sauti ya kuchangamka, ndio asinione kama mwanamke wa kumfunga mtu kamba.

Leo asubuhi simu yangu ikalia meseji. Ilikuwa juu ya meza, karibu na mkono wa Muli. Akasoma kabla yangu.

"Nakuja!" akapiga kelele. "Kyalo amesema anakuja! Machakos tumempata!"

Watu wakajaa hapo kama kuna ajali. Nikachukua simu yangu. Kweli, ilikuwa neno moja tu. Nakuja.

Abdi, ambaye hufunga mbuzi zake za kuuza nyuma ya kibanda, hakusimama hata. Akapuliza chai yake.

"Muli, wewe ukiacha viatu za watu hapo chini ukienda kucheza drafti, unawaambia nini?"

"Nawaambia nakuja."

"Na unarudi saa ngapi?"

Muli akakuna kichwa. "Inategemea."

"Basi huyo anaenda Dar. Kwani nyinyi Wakamba si mnamwita Kyalo mtu aliyezaliwa safarini? Jina limeshawaambia."

"Abdi, rudi kwa mbuzi. Mpira unajulia wapi?"

"Hata mbuzi moja ilikata kamba Jumatatu, ikaniambia meee, yaani nakuja. Mpaka leo natafuta."

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Halafu wakanigeukia wote pamoja. "Mama Mwende, si wewe ndio unamjua? Hiyo ni nakuja gani?"

Nikasema maziwa yanachemka, nikawapa mgongo.

Hayakuwa yanachemka.

Kwa sababu Abdi amesema kweli. Sisi wote hapa tukiondoka tunasema nakuja. Unatoka kwa duka, nakuja. Unaacha mgeni amekaa, nakuja. Na Kyalo, kila akirudi Nairobi, anasimama mlangoni na begi lake, anainama kwa sababu mlango wetu ni mfupi kwake, anamgusa Mwende shavu na kusema, "Nakuja." Halafu nyumba inabaki na harufu ya dawa yake ya kuchua misuli, na kile kiatu chake cha zamani ambacho Mwende huingiza miguu yote miwili na bado nafasi inabaki.

Mwende ameanza kusema maneno. Mtu yeyote akitoka nyumbani anampungia mkono na kusema, "Kuja! Kuja!"

Kwake hilo neno ni kwaheri. Hajui kama liko na maana ingine.

Hilo ndilo lililonifanya nifunge kibanda mapema. Nikapanda gari, nikashukia hapa Machakos mjini, na kabla ya kuingia saiba nikasimama kando ya barabara nikamwandikia Kyalo: "Unakuja ya kuja, ama unakuja ya kwenda?"

Nikatuma kabla sijaogopa.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo juu kwa habari ya kiatu wakati simu ilitetemeka kwa meza. Amejibu: "Wewe unataka gani?"

Nimesoma, nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Labda kila mara alikuwa ananiuliza hivyo, na mimi nikimrudishia mpira.

Najua Dar uwanja uko na paa na sakafu ya mbao. Hapa wanacheza kwa simiti iliyopasuka, na ringi moja haina wavu. Najua akirudi kuna jioni atakaa nje akiangalia malori ya Mombasa yakishuka, na nitajua anafikiria nini. Sitaki kuwa sababu ya yeye kubaki mdogo.

Lakini nataka mtu wa kuinama kwa ule mlango kila jioni. Akisahau kuinama, agonge kichwa, nimcheke. Nataka Mwende amzoee mpaka amchoke. Nimemtamani huyu mtu hata akiwa amekaa mbele yangu anakula, kwa sababu begi huwa halifunguliwi lote.

Nimeandika, nikafuta. Nimeandika ndefu, nikafuta. Mwisho nimeandika hivi: "Ile ya kuja."

Imeenda.

Bado hajajibu. Nje ukungu umeanza kupanda, naona paa za soko. Mwende ameamka, ananyoosha mkono juu ya bega langu akipungia kioo cha kompyuta. "Kuja," anasema.

Kuanzia kesho nitamfundisha ile maana ingine.