Niliandika Jina la Owori Mahali Pangu

Jumatano, Busia. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya mji na mvua hainyeshi. Viatu vyangu vina vumbi la kijiji cha Masinya na sina nguvu ya kuvivua.

Naandika kwa sababu kuna jambo nimelificha siku tatu.

Kampuni yetu ni watu watatu tu: Wandera mwenye kampuni, Owori anayevuka mpaka kila siku kutoka Tororo, na mimi. Tunatengeneza programu za kliniki ndogo za pande zote mbili za mpaka. Zamani kila mmoja aliandika kazi yake, akaipeleka kwa mteja moja kwa moja, kisha tukangoja simu za malalamiko. Mimi ndiye niliyesema tubadilike. Nilibandika karatasi ukutani yenye safu mbili, "ameandika" na "amekagua", na sharti moja: badiliko lolote lisiende kwa mteja kabla mtu wa pili hajalisoma na kulijaribu. Wandera alisema hayo ni mambo ya makampuni makubwa. Nilimbishia wiki nzima mpaka akakubali.

Jumamosi Owori alikuwa mazikoni Sop Sop, upande wa kwao Tororo, simu haipatikani. Kliniki moja upande wa Uganda, karibu na Buteba, ilikuwa inangoja fomu mpya ya kompyuta ya kupangia watoto dozi. Niliisoma kazi yangu mwenyewe mara mbili. Halafu nikachukua kalamu, nikaandika herufi za jina la Owori kwenye safu ya pili.

Kisha nikaituma fomu kliniki.

Jumatatu asubuhi alipiga simu Sista Ajambo, muuguzi wa kliniki hiyo. "Kompyuta inasema nipe huyu mtoto vidonge nne ya malaria," alisema. "Mtoto iko na miaka tatu. Mimi nakataa. Lakini jana mimi sikuwa kazini."

Nilifungua fomu, nikaona palepale. Nilipopanga visanduku upya, viwili nilivibadilisha nafasi. Programu ilikuwa inachukua umri wa mtoto kwa miezi na kuufanya uzito wake kwa kilo. Mtoto wa miezi thelathini na sita akawa mtu wa kilo thelathini na sita.

Tukaizima. Daftari la kliniki lilionyesha watoto wawili waliopewa dawa Jumapili na muuguzi wa zamu. Mmoja alikuwa amerudishwa akitapika. Alilazwa, na jana aliruhusiwa kwenda nyumbani. Wa pili, msichana wa miaka miwili na nusu, alitoka Masinya, na mama yake hakuacha namba ya simu.

Wandera alisimama mbele ya karatasi. "Owori, hapa ulikagua nini kabla ya kuondoka?"

Owori aliziangalia zile herufi. Akaniangalia mimi. "Pole, bosi," akasema.

Nami nikamwacha abebe kosa langu.

Jana tulimtafuta huyo mtoto wa pili kutwa nzima bila kumpata. Leo tumekwenda tena, Owori, Sista Ajambo na mimi, na karibu saa sita tukafika kwao. Mama alitoa pakiti ya dawa ndani. "Nilimpa mara moja, akatapika yote. Nikaogopa, nikaacha." Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, mwili wa moto, macho wazi. Sista aliwapandisha wote wawili kwenye pikipiki ili wakaanze matibabu upya. Amesema atapona. Alisema bila kunitazama.

Kilichomsaidia mtoto yule ni woga wa mama yake. Mimi na karatasi yangu hatukumsaidia kitu.

Tukabaki barabarani mimi na Owori, tukingoja pikipiki nyingine. Nilimwambia leo nitamweleza Wandera ukweli.

"Umeandika jina langu mara ngapi?" akauliza.

Nilitaka kumdanganya. "Hii ni ya nne."

"Zile tatu ziko wapi?"

Mbili ziko kliniki za upande wa Kenya. Ya tatu iko kliniki ya wajawazito, inahesabu wiki za mimba na kuonya mama anapopaswa kupelekwa hospitali kubwa. Zote zinatumika, moja tangu mwezi uliopita. Hakuna aliyezisoma ila mimi.

Saa kumi nimemwambia Wandera. Nilitegemea afoke. Badala yake alizipigia kliniki zote tatu simu, akiomba warudi kuandika kwenye daftari hadi tutakapowaambia. Mbili zimepokea. Ile ya wajawazito haipokei.

Owori ameketi nyuma yangu, anaisoma hiyo ya wajawazito mstari kwa mstari. Muda wote huu nimekuwa nikisikia kipanya cha kompyuta yake kikilia taratibu.

Sasa kimenyamaza. Ananiita niende nikaone mstari mmoja.