Hekta Tano za Kwenye Skrini

Mwenzangu, damu iko mpaka kwenye kibodi yangu.

Wale ndugu wawili niliowagawia shamba la marehemu baba yao nusu kwa nusu, leo wamekuja ofisini. Mkubwa kapima kwa kamba, kakuta lake ni dogo. "Umesogeza mawe ya mpaka," anamwambia mdogo wake. Mdogo anaapa, "Kaka, sijagusa jiwe." Kaka mtu kanyakua stendi ya chuma ya mashine yangu ya kupimia ardhi, kamshushia nayo kichwani. Kisha tena. Nimesikia mfupa. Mfupa, mwenzangu.

Wamembeba hajitambui.

Nilipopangusa skrini ndipo nikaona.

Shamba zima nililipima kwa ramani sahihi, hekta kumi. Lakini tano za mkubwa nilizikata juu ya ramani ya mtandaoni, ile inayovimbisha ardhi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Ni tano kwenye skrini tu, ardhini hazifiki. Kilichobaki chote nikampa mdogo, bila kupima.

Hakuna aliyesogeza jiwe.

Polisi wakamtoa mkubwa na pingu. Mlangoni akageuka: "Dada, nisamehe, nimekuchafulia ofisi."

Nikamjibu, "Usijali, kaka."