Mdundo wa Bijou

Kamina, Machi 1999

Mwanangu Nicodème,

Hapa nyumbani tunaendelea. Wiki hii darasa langu lilikuwa na muziki. Nilianza na do-re-mi kwa ishara za mkono, maana chaki imekwisha. Kisha watoto wakatengeneza ngoma za makopo, nami nikamwomba kila mmoja atuletee mdundo wa kwao.

Ijumaa Bijou, binti wa askari aliyehamia kambini karibuni, akapiga wake. Ulikuwa ule tunaopiga sisi Waluba mtu akifa. Kabla sijamzuia, akina mama wa jirani, mama yako akiwamo, walikwisha kuingia uani mwa shule wakilia, "Njo mutoto ya nani alikufa?" Kila mmoja ana mwana vitani kama wewe.

Nikamwuliza Bijou ameutoa wapi.

"Minyi nasikiaka ile kila siku, Mwalimu. Nilizani njo wimbo ya Kamina."

Akina mama wakapangusa machozi, wakarudi makwao. Mama yako alibaki. Nikamweleza kwamba ni mchezo wa watoto tu.

"Basi juu ya nini Nicodème haandike?"

Jibu unalo wewe; ndiyo maana nimeketi kukuandikia. Tuandikie, mwanangu, hata jina lako tu.

Baba yako,
Zébédée