Maji Yanatoka Naedome

Kakuma, 6 Februari 2024

Dada Namuria,

Ejok, hamjambo? Mgongo wa mama umepoa? Na watoto, kile kikohozi kimewaachia? Mimi mzima, ila vumbi la Kakuma limenifuata mpaka kitandani. Barua hii nampa dereva wetu anayeshuka Lodwar, maana nikikupigia simu huko Naedome nasikia upepo tu.

Ile habari ya shule ya biashara niliyokudokezea Krismasi ni kweli. Iko Afrika Kusini na wanachukua wachache sana. Mtihani wa hesabu nimeupita; hesabu ndiyo chakula cha injinia. Shida ni insha. Wenzangu wanaoomba wametoka benki na makampuni, wanajua kujieleza. Mimi miaka yote nimeongea na mabomba. Niombee.

Jambo lingine ni ile pampu ya sola niliyoweka kwenye kisima cha hapo nyumbani. Nijibu kwa utaratibu wako: maji yalianza kupungua lini, siku mota ilipoungua ilikuwaje, sasa kina mama wanachota wapi, na watu wanasema nini juu yangu. Usinifiche. Kosa najua ni langu. Nilipima maji mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, nikaining'iniza pampu juu mno, na kiangazi maji yakashuka yakaiacha ikizunguka pakavu.

Mdogo wako,
Aregae


Naedome, 19 Februari 2024

Mdogo wangu Aregae,

Ejok sana. Mama anatembea, anakusalimu na kukugombeza kwa pamoja. Kikohozi kimewaachia watoto kikanishika mimi.

Barua yako niliisoma kwanza peke yangu, halafu mbele ya kamati ya maji, maana mimi ndiye mwenyekiti na habari ya maji si ya nyumba moja. Maji yalianza kutoka na mchanga Januari ya mwaka jana. Mota iliungua Jumapili tukiwa kanisani; tulisikia harufu tukadhani mtu anachoma plastiki. Sasa tunachimba mchanga kwenye mto mkavu. Shimo limekuwa refu, mmoja anakaa chini na kumpitishia mwenzake kopo, na kuta zikianza kumwagika tunamvuta kwa kamba. Wanachosema juu yako: jirani yetu Atiir anasema hizo sola zako ni vioo ulivyotuletea tujitazame tunavyokauka. Ni mzaha, lakini anaurudia kila anapopita hapo.

Wageni wakija kutuuliza maswali kama haya siku hizi hatunyanyuki. Wameuliza wengi, wakaenda. Wewe ni mtoto wa hapa. Mzee wetu Apa Lokiru alisema, "Anayeuliza donda limeanza lini anakuja na dawa." Vijana wamekwisha fyeka miiba kuzunguka kisima ili gari lifike. Mbuzi wa kukupokea naye ametajwa. Tuambie tu ni mwezi gani.

Dada yako,
Namuria


Kakuma, 4 Machi 2024

Dada,

Pole na kikohozi. Tangawizi iko kwa dereva, usimpe mama yote aiweke kwenye chai.

Majibu yako ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Hayo ya vioo yamenichekesha mpaka machozi, nimeyaandika mahali. Mwambie Atiir ana kipaji.

Kuhusu mwezi, siwezi kusema sasa. Insha zinafungwa katikati ya mwezi, na hapa kambini kwa wakimbizi watu wanazidi kuingia na matangi ya maji hayatoshi. Lakini niambie hili moja. Siku ile nilipokuja kuiona mota imeungua, nikaondoka siku hiyo hiyo, ulijisikiaje? Wewe hasa. Andika kwa urefu, na upesi.

Mdogo wako,
Aregae


Naedome, 9 Machi 2024

Mdogo wangu,

Tangawizi imefika na kifua kimefunguka. Mama alidai yake kwanza.

Umeuliza nilijisikiaje. Sijui mota inahitaji hilo kwa nini, lakini wewe ndiye injinia. Niliona aibu. Nilikuwa nimekuwekea chai mezani, ukapanda gari bila kuigusa. Watu waliobaki walinitazama mimi, kwa sababu wewe ulikuwa umekwenda. Kwa muda mrefu nilikuwa nachota maji alfajiri ili nisikutane na mtu. Haya, umeyapata, tuyaache.

Sikiliza habari njema. Jumanne lilikuja shirika moja linalorekebisha pampu mbovu. Walikuwa na mota ya kijiji kimoja tu upande huu, na wakaanza na sisi. Nikainuka kama mwenyekiti, nikawaambia: "Ya kwetu inatengenezwa na kijana wetu mwenyewe, injinia Aregae, ameshaanza kutuuliza. Nendeni Namoruputh, wao hawana mtoto injinia." Wanawake wakapiga vigelegele. Hata Atiir! Shirika likashukuru, likaenda Namoruputh.

Sasa njoo, usiniangushe.

Dada yako,
Namuria


Kakuma, 15 Aprili 2024

Dada yangu,

Natumaini wote mnaamka salama. Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima, sikujua nianzie wapi.

Maswali yale yalikuwa ya insha. Shule ilitaka nieleze kosa kubwa nililolifanya kazini na jinsi nilivyolirekebisha. Wenzangu wameandika juu ya mikopo iliyoharibika. Mimi nina nini? Nina Naedome. Ulipoandika juu ya mbuzi ningekuambia, lakini bado nilihitaji majibu. Habari ya shirika nimeisoma nikashika kichwa. Dada, kwa nini hukuniuliza kwanza?

Lililoandikwa limeandikwa. Mwishoni nilisema nilirudi, nikaongeza mabomba, nikashusha pampu mpya, na sasa maji yanatoka hata kiangazi. Insha isiyo na mwisho mwema haimfikishi mtu popote. Mahojiano yamekwenda vizuri, limebaki moja: watampigia simu mtu wa kijiji athibitishe. Nimewapa jina lako. Ijumaa tarehe 26, saa nne asubuhi, uwe Lodwar palipo na mtandao.

Ni neno moja tu. Nikiipata shule hii nitarudi na visima kumi.

Mdogo wako,
Aregae


Lodwar, 26 Aprili 2024

Aregae,

Mama mzima. Salamu leo ni hizo.

Nilikuja na Atiir, yeye analeta vikapu sokoni. Nilikaa kivulini nyuma ya duka nikitazama simu. Akapiga simu mwanamke mwenye sauti ya upole, na Kiingereza changu cha kidato cha nne kikatosha. Akanisomea maneno yangu mwenyewe: vioo, chai, macho ya watu. Alisema yamemgusa. Halafu akauliza kama maji yanatoka.

Nilifungua mdomo nikiwa na ukweli. Nikakumbuka jinsi nilivyokubeba mgongoni wakati mama yuko malishoni, nikashindwa. Nikasema yanatoka. Akauliza, hata kiangazi? Nikasema hata kiangazi. Akanishukuru kwa niaba ya shule.

Atiir alikuwa amesimama nyuma yangu. Amesoma kidogo, neno la maji kwa Kiingereza analijua. Akasema, "We Namuria, hayo maji yanatoka wapi? Mdomoni mwako? Panua basi tuingize mitungi." Nikamweleza yote. Hakucheka tena. Alisema, "Waliokuja na mota uliwaambia hatuna shida. Huyu naye umemwambia hatuna shida. Sasa amebaki nani wa kuambiwa?"

Jibu la hilo usinitafutie. Kesho naiambia kamati. Umeipata shule yako, nadhani. Usiniandikie kunishukuru.

Dada yako,
Namuria


Johannesburg, 9 Septemba 2024

Dada mpendwa,

Ejok? Huku baridi imekatika, nami nimezoea chakula chao. Mama anaendeleaje? Hukujibu ujumbe wangu wa Juni wala wa Agosti, najua bado una hasira. Zitapoa.

Darasani mainjinia tuko watatu tu. Wiki iliyopita mwalimu wa somo la uongozi alinisimamisha nieleze habari ya Naedome. Wakapiga makofi, dada! Anataka kuifundishia kila mwaka. Amebakiza kitu kimoja, picha ya kina mama wakichota kwenye mfereji wa bomba. Maji yoyote yatafaa. Hata mfereji wa hapo Lodwar, mradi nyuso ziwe za kwetu. Piga kwa simu unitumie.

Mdogo wako,
Aregae


Naedome, 2 Oktoba 2024

Kwa Bwana Aregae,

Kamati iliketi Jumatatu ikasoma ombi lako la picha. Atiir ndiye aliyesoma kwa sauti.

Imeamuliwa kwamba mgeni yeyote anayetaka picha za Naedome aje mwenyewe, ajitambulishe kwanza kwa Apa Lokiru, na aje na maji yake ya kunywa.

Namuria,
Mwenyekiti, Kamati ya Maji