Waliobonyeza Tuma

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeitwa mwizi wa wateja. Si kwa neno hilo, lakini maana ilikuwa hiyo hiyo. Bwana Grafu — ndivyo tunavyomwita meneja wa masoko akiwa hayupo — kasimama mbele ya skrini na kijiti chake. Mwezi Mei watu 318 wameomba kwenye tovuti wapigiwe simu kuhusu viti vya magurudumu. Waliopigiwa: 41. Na mpiga simu ni nani? Mimi. Peke yangu, mwaka wa sita, kwenye kiti kile kile kinacholia nikigeuka.

Nikasema orodha ninayoletewa ina majina 41, basi. Akacheka. Eti namba hazidanganyi, watu ndio wanaodanganya. Mkurugenzi hakucheka. Kanipa mpaka Jumanne ijayo nieleze wale 277 wamekwenda wapi, la sivyo nikabidhi simu.

Nimewaficha wapi watu 277, kwenye droo? Nimekasirika mpaka meno yananiuma.

Jumatano, 5 Juni

Nimemfuata Fundi wa tovuti. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu, mkewe kajifungua juzijuzi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mwingine angenifukuza. Yeye kavuta kiti: "Kaa dada, tuangalie."

Kaniambia nifungue fomu kwenye simu yangu, nisijaze kitu, nibonyeze Tuma tu. Yeye anatazama hesabu kwenye laptopu. Nikabonyeza. Kumi na mbili ikawa kumi na tatu. Nikabonyeza tena — kumi na nne! Na hata jina sijaandika!

Kumbe kipimo kinachohesabu maombi kimefungwa kwenye kitufe. Ukibonyeza, umehesabiwa, fomu ifike isifike. Kilitakiwa kingoje yale maneno ya "Asante, tumepokea." Fundi anasema alimwambia Bwana Grafu hivyo tangu Aprili. Bwana Grafu akajibu kitufe kinatosha, ana kikao, anataka grafu ipande.

Haya, imepanda! Nimecheka peke yangu njia nzima mpaka watu wakageuka. Wateja wake ni upepo mtupu. Ngoja Jumanne ifike, nitamwumbua mbele ya kila mtu.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi amehamisha kipimo. Kutwa nzima: wawili. Bwana Grafu kapita kwenye korido akipiga mluzi, hajui. Raha!

Jumapili, 9 Juni

Sina hamu ya kuandika lakini nisipoandika nitapasuka.

Tumekwenda kumwona mama mkwe. Tangu apooze upande mmoja, wifi yangu ndiye anayemuuguza. Leo nimekuta amembeba mgongoni kumtoa bafuni, mama wa watu miguu inaburuta sakafuni, kanga inamvuka. Nikakimbilia kusaidia. Wifi akanikwepa. Miezi miwili sasa ananinunia, na mume wangu kila nikimuuliza anasema mambo ya wanawake hayamhusu.

Nikamfuata jikoni. Nikamtania, wifi umenuna mpaka shavu limevimba, nimekula cha nani? Hakucheka. Kasema ofisi yenu mna dharau. Kajaza fomu yenu ya kiti, kabonyeza mpaka kidole kikamuuma, kesho yake kabonyeza tena, keshokutwa yake tena. Hakuna aliyempigia. Na anajua anayepiga ni mimi.

"Si ungeniambia tu?"

"Nikuombe? Nilitaka ninunue kama mtu yeyote. Mje mseme nimeomba bure kwa wifi?"

Nikachukua simu yake. Nikajaza. Nikabonyeza Tuma. Kimya. Nikapandisha ukurasa juu kabisa, na huko juu, maandishi mekundu madogo kama sisimizi: Namba ya simu si sahihi. Kitufe kiko chini, kosa linaandikwa juu. Nani ataliona?

Namba yake ilikuwa sahihi. Imeanza na sifuri tu, kama kila mtu anavyoandika.

Mwezi Machi nilichoka kupiga namba zilizokosewa. Nikamwandikia Fundi imeli: fomu ikatae namba yoyote isiyoanza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi. Nikatia alama tatu za mshangao. Mimi! Mimi mwenyewe namba yangu huiandika kwa sifuri.

Hawakuwa upepo. Walikuwa watu, wanabonyeza na kubonyeza, na mimi ndiye niliyewafungia mlango. Mchimba kisima huingia mwenyewe — ila humu nimemtia na mama mkwe.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi nimemwomba Fundi aondoe lile sharti. Kaliondoa dakika tano.

Saa nane Bwana Grafu kaona hesabu imeporomoka. Mjanja yule! Kawahi kwa Mkurugenzi: fomu ilikuwa mbovu, Fundi kaiharibu, yeye alitegemea kazi ya watu. Mkurugenzi kanifuata kwenye meza yangu, kaniomba radhi, mkono begani. Kesho saa tatu anataka maelezo ya Fundi, na mkataba wake hautaongezwa.

Nikasema ahsante. Hilo tu ndilo lililonitoka, ahsante.

Jioni ujumbe wa Fundi: "Dada, imeli yako ya Machi ninayo. Sijamwonyesha mtu. Naona useme mwenyewe."

Nimeilaza simu kifudifudi.

Jumanne, 11 Juni

Saa tatu kasoro. Orodha ya leo ina majina kumi na moja. Haijawahi! La kwanza ni la wifi — kajaribu tena jana usiku, na mara hii imepita.

Fundi kapita na laptopu kwapani. Kanisalimia. Kasimama kidogo, kama anangoja niinuke.

Nikanyanyua simu. Kazi ni kazi, wa kwanza apigiwe kwanza. Wifi kapokea kwa furaha, sauti ambayo sijaisikia tangu Machi. Kauliza, kwani shida ilikuwa nini siku zote hizo?

Nimesema ni mitambo. Fundi wetu alikosea kidogo.

Akasema ana bahati mbaya huyo fundi wenu, angemkamata angemtia makofi. Nikacheka naye. Mlango wa Mkurugenzi umefungwa, Fundi yuko ndani, na mimi bado nimeshika simu iliyokwisha kukatwa.