Kabla ya Jina Langu

Boito

Mpendwa Mama Mdogo Lenah,

Jumapili nilimliza Mama kanisani, na sababu yake sijamwambia mtu.

Chai yetu imechipua vizuri baada ya mvua. Ilikuwa zamu ya vijana kuhubiri, nami nikasema mke wa Lutu aliangalia nyuma akageuka nguzo ya chumvi kwa kutamani mali aliyoiacha. Mama akasimama akilia. "Velma, na kama aliacha mtoto?"

Nyumbani akaniambia kuhusu Ombati, kaka yangu, aliyebaki ndani nyumba ilipochomwa wakati wa fujo za uchaguzi, kabla sijazaliwa. Anasema ulimvuta mkono ukimwambia, "Dada, usiangalie nyuma." Hakuangalia. Hana hasira nawe, ila anajuta mpaka leo.

Nilifungua Biblia yetu kwenye ukurasa wa majina ya watoto, nikaandika Ombati juu ya jina langu.

Mwanao,
Velma Kemuma